Mgeni wa Kongwa na Haki ya Kukimbilia

Kutoka Makole, mjini Dodoma, safari ya kwenda Kongwa haitimizi kilomita mia. Msafiri hufuata barabara ya Morogoro mpaka Mbande, kisha huiacha na kuingia katika nchi kavu ambako Waingereza, tangu mwaka 1947, walijaribu kulima karanga kwa mitambo mikubwa wakashindwa. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wale walikuja na majembe yao wenyewe, na ardhi ikawakataa. Wageni waliowafuata walikuwa wa namna nyingine.

Mwaka 1964 serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru kambi katika Kongwa. Walikuwako watu wa FRELIMO wa Msumbiji, wa ANC ya Afrika Kusini, wa SWAPO ya Namibia, na baadaye wa vyama vingine. Nchi maskini iliyokuwa haijatimiza hata miaka mitatu ya uhuru ilikubali kuchukiwa na makaburu na Wareno kwa ajili ya jirani zake. Ukarimu huo haufutiki, na si haki kuusimulia kwa sauti ndogo.

Lakini yafaa kuuliza, mgeni yule alikaribishwa kwa jina la nani? Hakukaribishwa kwa jina lake mwenyewe, bali kwa jina la chama chake. Chama kilimjulisha kwa serikali, kikamlisha, kikamwamuru. Akikosana na wakubwa wa chama, hakubakiwa na kitu cha kumtambulisha kwa mwenyeji. Mwaka 1968 jambo hilo lilidhihirika Kongwa kwenyewe. Vijana saba wa SWAPO, waliofunzwa vita nchini China, waliandika waraka wa kuwalaumu viongozi wao. Walikabidhiwa kwa wakuu wa Tanzania, wakatiwa gerezani.

Miaka minane baadaye yalitokea makubwa zaidi. Katika Zambia, wapiganaji wa SWAPO na vijana wa chama hicho walilalamika kwamba silaha na chakula havitoshi, wakadai mkutano mkuu, kwa kuwa ule wa Tanga wa mwisho wa mwaka 1969 ulikuwa umekwisha kupitwa na wakati. Aprili 1976 walikamatwa viongozi kumi na mmoja, miongoni mwao Andreas Shipanga, aliyekuwa katibu wa habari, na Solomon Mifima, aliyekuwa katibu wa kazi. Wapiganaji zaidi ya elfu moja walizuiliwa makambini.

Hapo ndipo walipotokea watetezi, nao walikuwa wachache. Mchungaji Salatiel Ailonga, Mnamibia aliyewahudumia wenzake uhamishoni, aliwaandikia viongozi wa kanisa la Kilutheri habari za waliokamatwa. Mwaka ule ule ikambidi kuihama Zambia na kwenda Finland. Wanasheria nao walipeleka maombi mahakamani Lusaka, wakitaka Shipanga afikishwe mbele ya majaji ili serikali ieleze ni kwa sheria gani anazuiliwa. Shauri lingali mahakamani, Julai 1976, wale kumi na mmoja walihamishiwa Tanzania.

Kwa nini Tanzania? Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962 ilimruhusu Rais kumzuia mtu bila ya kumshitaki, na amri yake haikuweza kuhojiwa katika mahakama yo yote. Swali lililoulizwa Lusaka halikuwa na mahali pa kuulizwa huku. Wafungwa wale walikaa magerezani karibu miaka miwili, bila hukumu, mpaka Mei 1978. Marafiki wengi wa ukombozi, Afrika na Ulaya, walinyamaza wakichelea kumfurahisha kaburu. Hofu yao ilikuwa na sababu, lakini gharama ya kimya hicho ililipwa na waliokuwa ndani.

Wala haifai kudhani kwamba nchi haikujua sheria njema. Mkataba wa wakimbizi uliotiwa sahihi Addis Ababa mwaka 1969 ulisema kwamba kumpokea mkimbizi ni tendo la amani na utu, ukakataza kumrudisha kwenye hatari. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa nishani ya Nansen kwa wema wake kwa wakimbizi, na aliistahili. Kilichopungua ni kitu kimoja: nafasi ya mkimbizi mmoja mmoja kumwuliza mwenyeji wake mbele ya hakimu.

Upungufu huo haukwisha pamoja na ukombozi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ilifuta ile ya 1965, lakini iliendelea kuwataka wakimbizi wakae mahali palipotengwa. Na Juni 2012, huko Chitego, katika wilaya ile ile ya Kongwa, zilikutwa maiti zaidi ya arobaini za Wahabeshi waliokosa hewa ndani ya lori. Hawa hawakuwa na chama cha kuwajulisha. Walipita kwa kujificha, kwa kuwa mgeni asiye na hati alijua kwamba akionekana atatiwa ndani, bila kuulizwa kwanza anakimbia nini.

Wahenga waliagiza mgeni apewe jembe siku ya tatu, hawakuagiza afungwe. Mwenye jembe huwa mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani ana haki ya kusema na kusikilizwa. Kongwa ilitoa ardhi, maji na ulinzi kwa ukarimu. Haki hiyo moja ndiyo iliyosalia kutolewa.