Majina ya Madaktari katika Historia ya Ngiri

Ngiri ni hali ambayo sehemu ya utumbo, au kiungo kingine cha ndani, hupenya mahali palipo dhaifu katika ukuta wa tumbo na kujitokeza kama uvimbe chini ya ngozi, aghalabu kinenani, kitovuni au juu ya paja. Maradhi haya ni ya kale, lakini majina mengi ambayo madaktari huyatumia kutofautisha aina zake yalitokea Ulaya kati ya karne ya 17 na ya 19, zama ambazo uchunguzi wa maiti na upasuaji vilianza kwenda pamoja. Historia ya majina hayo inaonyesha kwamba heshima hiyo haikumwendea kila mara aliyetangulia kuuona ugonjwa, bali mara nyingi ilimwendea yule ambaye kazi yake iliwawezesha wengine kuutambua.

Adriaan van den Spiegel, mzaliwa wa Brussels aliyefundisha anatomia, yaani elimu ya maumbile ya mwili, huko Padua hadi alipofariki mwaka 1625, alieleza mstari uliopinda ulio ubavuni mwa tumbo, pale ambapo msuli hugeuka kuwa utando mgumu. Ngiri inayopita karibu na mstari huo ilielezwa na Josef Klinkosch mwaka 1764, zaidi ya karne moja baadaye, na ingawa Klinkosch ndiye aliyeitambua, hadi leo inaitwa ngiri ya Spiegel.

Mwaka 1700, Alexis Littré wa Paris alieleza ngiri ambazo ndani yake mlikuwa na kifuko kidogo kilichochomoza kutoka kwenye utumbo mwembamba. Asili ya kifuko hicho ilifafanuliwa mwaka 1809 na Johann Friedrich Meckel wa Halle, Ujerumani, aliyeonyesha kuwa ni mabaki ya mfereji unaouunganisha utumbo na kifuko cha kiini mtoto anapoanza kuumbika tumboni mwa mama. Kwa hiyo kifuko kina jina la Meckel, na ngiri inayokibeba ina jina la Littré.

Aina inayodai uangalifu mkubwa zaidi ni ile ya August Gottlieb Richter wa Göttingen, aliyeieleza katika kitabu chake cha ngiri kilichoanza kutoka mwaka 1778. Katika aina hii hunaswa upande mmoja tu wa ukuta wa utumbo, hivyo njia ya chakula hubaki wazi, na dalili zilizozoeleka za utumbo kuziba, kama vile kutapika na kukosa choo, huweza kukosekana huku sehemu iliyobanwa ikikosa damu na kuoza. Fabricius Hildanus alikuwa ameandika habari za mgonjwa wa namna hiyo mapema katika karne ya 17, lakini Richter ndiye aliyeipa maelezo ya kitaalamu, na mwaka 1887 mpasuaji Frederick Treves wa London akaitenga na ngiri ya Littré na kulithibitisha jina la Richter.

Kisa cha Claudius Amyand kina uzito wa pekee. Tarehe 6 Desemba 1735, katika Hospitali ya St George's, London, alimpasua mvulana wa miaka 11 mwenye ngiri ya kinena, akakuta ndani yake kidole tumbo kilichotobolewa na pini aliyokuwa ameimeza, akakiondoa, na mtoto akapona. Huo ndio upasuaji wa kwanza uliofanikiwa wa kuondoa kidole tumbo unaojulikana katika kumbukumbu, nao ulifanyika zaidi ya miaka 100 kabla ya dawa ya usingizi kuanza kutumika. Kidole tumbo kikikutwa katika ngiri ya paja, ngiri hiyo huitwa ya de Garengeot, mpasuaji wa Ufaransa aliyeieleza mwaka 1731.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake, ingawa si wa ngiri. Mwaka 1958 Denis Burkitt, mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya saratani ya taya kwa watoto ambayo sasa ina jina lake, ilhali kumbukumbu za Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na Albert Cook mwaka 1897, zilikuwa tayari na habari za watoto wenye uvimbe wa aina hiyo.

Majina haya yanastahili kuhifadhiwa kwa kuwa yanabeba historia ya tiba, lakini jina pekee halimwelezi mwanafunzi utumbo umenaswa wapi wala kwa namna gani. Kwa sababu hiyo kila jina lifundishwe pamoja na maelezo ya mahali na hatari ya ugonjwa wenyewe, kwa kuwa mgonjwa wa ngiri ya Richter huokolewa na daktari anayejua kwamba kupata choo si ushahidi wa kuwa salama.