Wau'wa wa Kolombia na mafuta wanayoyaita damu ya ardhi

Msikilizaji, tukisikia mafuta yamegunduliwa mahali, wengi wetu tunawaza ajira, barabara na umeme. Wau'wa wa Kolombia, Amerika Kusini, waliposikia habari hiyo walikataa. Tunaeleza ni watu gani na kwa nini walikataa.

Ni akina nani?

Wau'wa ni watu wa asili wachache, elfu kadhaa tu. Wanaishi kaskazini-mashariki mwa Kolombia, kuzunguka milima yenye theluji ya Cocuy, ambayo wao huiita Zizuma. Wana lugha yao, na wanafuata majira ya mwaka kwa nyimbo na mifungo inayoongozwa na wazee wa kiroho. Kwao ardhi ni mama aliye hai. Mafuta, kwa lugha yao ruiria, ni damu yake. Kuyachimba ni kumnyonya damu mama.

Mgogoro ulianzaje?

Katika sheria za Kolombia, kilichomo chini ya ardhi ni mali ya serikali, hata kama juu yake kuna wenyeji. Mwaka 1995 kampuni ya Kimarekani ya Occidental ilipewa leseni ya kutafuta mafuta katika eneo hilo. Wau'wa walitangaza kuwa wako tayari kufa wote kwa pamoja kuliko kuona ardhi yao inachimbwa. Simulizi zao zinasema mababu waliwahi kujirusha kutoka kwenye genge ili wasitawaliwe na Wahispania.

Mahakama zilisemaje?

Kolombia ilikuwa imeridhia mkataba namba 169 wa Shirika la Kazi Duniani, unaotaka watu wa asili washirikishwe kabla ya mradi kuanza. Mwaka 1997 Mahakama ya Katiba iliamua kuwa kikao kilichofanyika na Wau'wa hakikuwa ushirikishwaji wa kweli. Lakini mwaka huohuo mahakama nyingine ya juu ikasema leseni ni halali.

Mwaka 1998 kiongozi wao, Berito Kuwaru'wa, alipata Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 1999 wanaharakati watatu kutoka Marekani waliokuwa wamewatembelea walitekwa na kuuawa na waasi wa FARC. Mwaka huo pia serikali ilipanua hifadhi ya Wau'wa hadi takriban hekta 220,000. Kampuni ilichimba kisima nje kidogo ya hifadhi, kisha ikaondoka mwaka 2002.

Hali ikoje sasa?

Shughuli ziliendelea chini ya shirika la serikali, Ecopetrol, na gesi inatolewa kwenye eneo hilo la Gibraltar. Wau'wa walipeleka kesi nje ya nchi, na mwaka 2024 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Nchi za Amerika iliamua kuwa Kolombia ilikiuka haki zao.

Tunachojifunza ni hiki: kuitwa kwenye mkutano na kuambiwa kilichokwisha kuamuliwa si kushirikishwa. Kushirikishwa ni kuulizwa mapema, na jibu lako kuhesabiwa.