Nyara ya Ukutani: Usasi wa Ayala Marekani

Neno nyara lina safari ndefu katika lugha yetu. Hapo awali lilimaanisha mali, na hata watu, waliotekwa vitani. Sheria za wanyamapori za Tanzania zikalichukua, na leo anayekutwa na pembe au ngozi bila kibali hushtakiwa kwa kupatikana na nyara za Serikali. Kenya nayo ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Kwa hiyo mwanafunzi wangu wa tafsiri alipokutana na matini kuhusu familia ya Kimarekani iliyotundika nyara sebuleni, karibu na picha za harusi, aliuliza kama hawaogopi polisi. Swali lake lilikuwa la haki, na jibu lake ni la kihistoria.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Wafasiri wengi humwita kulungu au paa, lakini hao pembe zao hazidondoki. Huyu wa Marekani huota pembe za mfupa zenye matawi, huziangusha kila mwaka na kuota nyingine. Biblia ya Union Version, katika Zaburi ya 42, ina ayala, nami naliona hilo ndilo neno linalofaa. Tumwite ayala mkia-mweupe.

Mwishoni mwa karne ya 19 ayala huyu alikaribia kutoweka. Wasasi wa biashara walipeleka nyama na ngozi mijini kwa reli, na inakadiriwa kuwa kufikia mwaka 1900 walibaki nusu milioni au pungufu. Mwaka huohuo Sheria ya Lacey ilizuia kusafirisha baina ya majimbo wanyama waliouawa kinyume cha sheria. Mwaka 1937 sheria ya Pittman-Robertson ikaelekeza kodi ya bunduki na risasi kwenye uhifadhi. Leo ayala hukadiriwa kuwa milioni 30 hivi. Naam, wenye bunduki ndio waliochangia gharama!

Katika jimbo la Wisconsin msimu mkuu wa bunduki ni wa siku tisa, kuanzia Jumamosi inayotangulia Sikukuu ya Shukrani, mwezi Novemba. Babu, wana, wajomba na wajukuu hukutana katika kibanda cha mbao msituni. Usiku ni karata, jiko la kuni na visa vilevile vya mwaka jana, vikiwa vimeongezwa chumvi kidogo. Katika kambi nyingi aliyefyatua risasi akakosa hukatwa pindo la nyuma la shati lake, nalo likatundikwa ukutani. Kijana aliyeua kwa mara ya kwanza hupakwa damu usoni. William Faulkner aliitumia desturi hiyo katika Go Down, Moses (1942). Sisi tungeuita utani, tena wenye masharti yaleyale tunayoyajua: aliyekatwa shati haruhusiwi kununa.

Kuhusu pembe, hakimu ni klabu ya Boone and Crockett, iliyoanzishwa mwaka 1887 na Theodore Roosevelt na wenzake (ndiye huyohuyo aliyepita Mombasa mwaka 1909 akija kuwinda kwetu). Utaratibu wake wa mwaka 1950 hupima urefu wa pembe na wa kila tawi, unene, na nafasi iliyo katikati, kisha hupunguza alama pale ambapo kushoto na kulia havilingani.

Kisa cha James Jordan ndicho kinachonigusa zaidi. Mnamo Novemba 1914, akiwa na miaka 22, alimuua ayala mkubwa karibu na Danbury, Wisconsin. Kichwa alimpa fundi wa kukausha wanyama. Fundi akahama, na kichwa kikapotea naye. Mwaka 1964 jamaa wa mbali wa Jordan alizinunua pembe hizo kwa dola 3 kwenye mauzo ya vitu vikuukuu huko Minnesota, bila kujua ni za nani. Jordan alipoonyeshwa alizitambua mara moja, lakini ushahidi hakuwa nao. Vipimo vilipotoka, inchi 206 na thumuni moja, zikawa rekodi ya dunia iliyodumu hadi mwaka 1993. Ila mwindaji aliandikwa kuwa hajulikani. Mzee aliendelea kudai kilicho chake kwa miaka mingi. Alifariki Oktoba 1978, akiwa na miaka 86. Klabu ilimtambua Desemba ya mwaka huohuo.