Mtoto wa Mfalme na Kinyesi cha Ng'ombe

Ndugu msomaji, likitajwa jina la Nyamongo, fikra za watu aghalabu hukimbilia dhahabu, khasa tangu mgodi mkubwa wa North Mara ulipoanza kuzalisha mwaka 2002. Lakini Wakurya wa huko ni wafugaji, na kabla ya saruji walikuwa na kitu kingine cha kutengenezea nyumba: kinyesi cha ng'ombe, kilichochanganywa na udongo kikakandikwa ukutani. Leo nataka nikusimulie habari za mtu aliyekishika kitu hicho hicho akakifanya sanaa.

Mto Mara, unaopita karibu na Nyamongo, humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria upande wa mashariki. Upande wa magharibi humwaga mto Kagera, na ng'ambo ya Kagera palikuwa na ufalme wa Gisaka, uliomezwa na Rwanda katikati ya karne ya 19. Masimulizi ya Gisaka yanasema kuwa Kakira, mtoto wa Mfalme Kimenyi, alitaka kuipamba nyumba yake kwa ndani. Hayamtaji mwalimu wake. Humtaja yeye kuwa ndiye mwanzilishi. Alichukua kinyesi cha ng'ombe, akakichanganya na majivu, akakifinyanga kwa vidole ukutani mpaka kikasimama matuta. Matuta hayo Wanyarwanda huyaita imigongo, na wewe msomaji huhitaji mkalimani, maana neno ni lile lile letu la migongo.

Najua msomaji wa madhehebu ya Shafi ataniuliza habari za najisi. Hilo ni la mafakihi. Mimi nasimulia historia.

Yakikauka, matuta husuguliwa yakawa laini, kisha hupakwa rangi. Nyeupe hutoka katika udongo mweupe, nyekundu katika udongo mwekundu, na nyeusi hupikwa kwa majivu ya maganda ya ndizi na utomvu wa mshubiri. Humo hamna sura ya mtu wala ya mnyama. Ni pembetatu, miraba, mistari ya kwenda na kurudi, na mizunguko kama ya konokono. Msomaji aliyezoea nakshi za misikiti ataona udugu, walakini asidhani kwamba Kakira aliiga kwetu. La, hasha! Uislamu ulifika Rwanda pamoja na wafanyabiashara wa pwani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Gisaka ikiwa imekwisha kumezwa zamani.

Baada ya Kakira kazi hii ilishikwa na wanawake, mama akimfundisha bintiye. Ndipo ukaja mwaka 1994. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi waliuawa wengi wa wanawake hao, na tarehe 28 Aprili mwaka ule watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, kwetu Tanzania, kwa muda wa siku moja. Ufundi ulikaribia kufa pamoja na wenyewe.

Uliokolewa na wanawake waliobaki, wengi wao wajane, walioungana katika ushirika huko Nyakarambi, wilaya ya Kirehe, wakauita kwa jina la Kakira. Kwa kuwa nyumba mpya ni za tofali, sasa hufinyanga juu ya mbao, na mgeni huinunua akaitundika kwao Ulaya. Mimi naona kuna kilichopotea hapo, maana ukuta ulikuwa wa nyumba na watoto waliulalia ubavuni. Lakini mjane mwenye watoto wa kusomesha hawezi kuuza ukuta.