Mashine ya Kupumulia na Dhamiri ya Wazazi



Wapendwa waamini, familia inayomuuguza mtu asiye na fahamu hujiuliza: je, kuondoa mashine ya kupumulia ni kuua? Swali hili si geni. Tarehe 24 Novemba 1957 Papa Pius XII, akijibu maswali ya daktari Bruno Haid wa Innsbruck, Austria, alifundisha kwamba mwanadamu ana wajibu wa kutunza uhai, lakini kwa njia za kawaida tu, zisizomtwika yeye au wengine mzigo uliopita kiasi. Wanateolojia walikuwa wakifundisha hivyo tangu karne ya 16, na mzigo wa siku zile ulikuwa kukatwa mguu bila nusukaputi!

Mwezi Aprili 1975, huko New Jersey, Marekani, Karen Ann Quinlan, binti wa miaka 21, alipoteza fahamu akawekewa mashine. Wazazi wake, Joseph na Julia, walikuwa Wakatoliki. Baada ya kushauriana na paroko wao, Padre Thomas Trapasso, waliomba mashine iondolewe. Madaktari wakakataa, na hakimu naye akakataa. Askofu Lawrence Casey wa Paterson aliwaunga mkono, na tarehe 31 Machi 1976 Mahakama ya Juu ya New Jersey ikawakubalia.

Mashine ikaondolewa mwezi Mei. Wengi walitazamia kwamba angekufa mara, lakini hakufa! Alipumua mwenyewe hadi tarehe 11 Juni 1985, miaka 9 kamili. Na hapa pana jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita upesi: katika miaka yote hiyo wazazi hawakuomba mrija wa chakula uondolewe. Walikataa mzigo wa mashine, hawakumkataa mtoto wao. Anayetumia kisa hiki kutetea kifo laini amekisoma nusu.

Tarehe 1 Agosti 2007 Kongregasio ya Mafundisho ya Imani ilithibitisha kwamba kumpa mgonjwa wa namna hiyo chakula na maji, hata kwa mrija, ni kwa kanuni wajibu wa kawaida, maadamu vinamlisha kweli.

Papa Pius aligusia pia jambo moja tunalolisahau hospitalini: Mpako wa Wagonjwa utolewe kabla mashine haijazimwa. Msisite kumwita padre, hata iwe usiku wa manane.