Vitabu Viwili vya Ujiji na Mizani ya Msomaji

Mjini Arusha upo uwanja wa michezo uitwao Sheikh Amri Abeid. Kila msimu wa kandanda maelfu ya watu hulitaja jina hilo, na aghalabu hawajui kwamba mwenye jina alikuwa mshairi, wala kwamba kitabu chake kimoja, si kikubwa, kilikuwa kwa miongo kadhaa ndiyo hoja ya kuamulia lipi ni shairi na lipi silo. Jina limekaa ukutani, kitabu kimesahaulika kabatini. Hiyo ndiyo ajali ya watunzi wengi waliotoka mbali na pwani na mbali na viwanda vya uchapaji.

Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Miaka miwili baadaye, katika mji huohuo, alizaliwa Saadani Abdu Kandoro. Msafiri ashukaye garimoshi Kigoma leo hupanda mwinuko hadi Mwanga, penye soko na pilikapilika za mji mpya, kisha akaendelea mpaka Ujiji, mji mkongwe wa miembe na misikiti. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Lakini Kiswahili hakikungoja reli. Kilitangulia kwa miguu pamoja na misafara ya Bagamoyo na Tabora. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, waliwakuta wafanyabiashara kutoka pwani wamekwisha kuijua njia. Ndio mwaka ambao Mwana Kupona wa Pate anasadikiwa kumtungia binti yake utendi mashuhuri. Baadaye Wamanyema waliovuka ziwa kutoka Kongo walikifanya Kiswahili kuwa lugha ya nyumba zao. Vyuo vya Kurani na dhikri za Kadiriya vikayazoeza masikio ya watoto mizani na vina kabla hawajashika kalamu.

Hata hivyo, wapenzi wa ushairi wa pwani walizoea kuelekeza macho Lamu, Mvita, Pemba na Unguja. Mtunzi wa bara alionekana mwanafunzi, na ilidhaniwa kuwa akisifiwa ni kwa kutiwa moyo. Lililopunguza dhana hiyo ni gazeti. Mambo Leo, lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, liliwapa watunzi wa kila wilaya ukurasa mmoja wa kukutania. Karani wa Tabora na mwalimu wa Tanga walisomwa safu kwa safu. Hapakuwa na mhakiki wa kulipwa. Mhakiki alikuwa mshairi mwenziwe, aliyejibu kwa beti. Aliyevunja mizani alikosolewa kwa mizani, na aliyeleta hoja dhaifu alipewa hoja yenye nguvu. Kwa njia hiyo mtu asiyejulikana alipimwa kwa alichoandika.

Mwaka 1954 ndugu hawa wawili wa Ujiji walionekana kila mmoja kwa upande wake. Tarehe 7 Julai, Kandoro alikuwa miongoni mwa watu 17 walioanzisha TANU mjini Dar es Salaam. Mwaka huohuo Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kwa njia ya Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililokuwa chombo cha serikali za kikoloni. Kitabu kina sehemu mbili: kwanza kinafundisha, kisha kinaonyesha. Mwandishi anaeleza vina, mizani, beti na vituo, anashikilia kwamba shairi ni la kuimbika na kuwa lisiloimbika limekosa maana yake, halafu analeta diwani yake mwenyewe ili msomaji ampime kwa sheria alizoziweka. Ni waandishi wachache wanaothubutu kumkabidhi msomaji kipimo na kazi kwa pamoja.

Kitabu cha Kandoro kilipita njia nyingine. Mwito wa Uhuru kilitoka mwaka 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika, kwa Thakers, kampuni ya uchapaji ya Dar es Salaam. Ndani yake zimo habari za mikutano, mapambano na watu wa Kanda ya Ziwa alikofanyia siasa, pamoja na mashairi yaliyozaliwa humo humo vitani. Aliyesikia shairi lake la siafu wanaomkabili nyoka hakuhitaji kuambiwa siafu ni nani na nyoka ni nani. Kuchapisha kwa namna hiyo hakukuwa aibu: Shaaban Robert naye, akiwa ameshapata jina, alivitoa baadhi ya vitabu vyake mwenyewe Tanga, katika miaka ya mwisho kabla hajafariki mwaka 1962.

Swali ni hili: vitabu hivi vipimwe kwa nini? Kama ni kwa muhuri wa mchapishaji, basi kile cha kwanza kingeshinda kabla hakijafunguliwa, na cha pili kingewekwa kando. Historia imekataa. Profesa John Iliffe, alipoandika historia yake kubwa ya Tanganyika iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1979, alikitumia kitabu cha Kandoro kuwa miongoni mwa ushahidi wake. Kilichokosekana katika majalada ya wakoloni kilikuwamo katika kitabu cha mshairi.

Lakini kukivumbua kitabu si kukisujudia. Kandoro ni shahidi aliyekuwa mshiriki. Anasema kwa sauti ya chama, na msomaji mwangalifu hana budi kuweka maneno yake kando ya ya wengine. Sheria za Amri nazo zina mipaka yake. Watetezi wa vina na mizani walizishika kama ngome katika mabishano ya miaka ya 1970, baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974. Kandoro mwenyewe aliingia mabishanoni kwa Ushahidi wa Mashairi ya Kiswahili na Lugha Yake, mwaka 1978. Muongo mmoja baadaye Ibrahim Noor Shariff, mwana wa visiwani, alionyesha katika Tungo Zetu kwamba shairi ni aina moja tu kati ya tungo nyingi za Waswahili. Kwa kipimo hicho, sheria za Ujiji zinabaki sahihi kwa shairi, ila haziwezi kuzitawala tungo zote. Huko ndiko kupima kwa haki: kumpa mwandishi alicho nacho na kutomtwisha asichokuwa nacho.

Amri Abedi alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, akawa waziri, akafariki Bonn, Ujerumani, Oktoba 1964, kabla ya kutimiza miaka 41. Uongozi wake umepewa uwanja. Ushairi wake unahitaji kitu chepesi zaidi: mtu wa kukifungua kitabu. Na si chake peke yake. Katika kila mji wa Waswahili, iwe Ujiji, Tabora, Kilwa au Wete, zimo diwani zilizopigwa chapa kwa fedha za mtunzi, nakala chache, jalada la karatasi nyepesi, na madaftari ambayo hayajapigwa chapa kabisa. Mengi yake huenda ni ya kupita. Lakini hayawezi kuhukumiwa kwa jalada, wala kwa mji, na baraza la pwani linaloyakataa bila kuyasoma halina budi kukumbuka kwamba sheria lizitumiazo kukatalia ziliandikwa na mtu wa Ujiji.