Kutoka Debe la Petroli Hadi Soketi ya Hoteli

Hakuna nyumba kwetu visiwani isiyolijua debe. Tumelibeba kichwani limejaa maji, tumepimia mahindi na mkaa, tumelikata tukapata bati la kuezekea banda la kuku. Lakini debe halikuletwa kwetu kwa ajili ya maji wala mahindi. Lilikuja na mafuta. Zamani mafuta ya taa na petroli yalisafirishwa kutoka ng'ambo ndani ya makopo ya bati ya galoni 4, yaani karibu lita 18, makopo mawili katika sanduku moja la mbao. Mafuta yakiisha, kopo hubaki kwa mama.

Tunaanza na debe kwa sababu dada zetu wameanza kuuliza swali jipya: mtu mwenye gari ya umeme anaweza kwenda Arusha na familia yake akarudi salama? Akilala hotelini, atapata pa kuchaji? Swali ni jipya, lakini jibu lake lina historia ya zaidi ya miaka mia moja. Na katika historia hiyo, debe ndilo lililoishinda betri.

Mafuta yaliyotangulia gari

Tarehe 10 Agosti 1907, ofisa wa Kijerumani aitwaye Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari, akinuia kulivuka bara zima. Alifika Swakopmund, katika Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Karibu miezi 21 njiani! Barabara hazikuwepo, na sheli ya kujazia mafuta haikuwepo hata moja. Safari iliwezekana kwa sababu petroli ilipelekwa mbele na kuwekwa akiba vituoni kabla gari haijafika. Jina la Graetz limebaki vitabuni. Waliolisukuma gari lake matopeni na kulivusha mito hawakupewa nafasi hiyo.

Miaka 17 baadaye, mwanamke alikuwamo katika msafara mwingine wa namna hiyo. Stella Court Treatt na mumewe Chaplin waliondoka Cape Town mwezi Septemba 1924 na gari mbili aina ya Crossley, wakafika Cairo mwezi Januari 1926. Bibi huyu ndiye aliyeandika kitabu cha safari hiyo. Na wao pia walitegemea akiba za mafuta zilizotangulizwa njiani.

Petroli ina sifa moja kubwa: inabebeka. Ukiitia ndani ya debe, itabebwa kwa punda, kwa jahazi au kichwani mwa mtu, na ikifika itakuwa ile ile. Umeme wa gari haubebeki hivyo. Huwezi kumtuma kijana dukani akuletee umeme wa shilingi elfu kumi ndani ya kopo.

Gari ya bibi Clara

Wengi hudhani gari ya umeme ni kitu cha jana. Sivyo. Mwaka 1900 nchini Marekani, zaidi ya robo ya gari zilizotengenezwa zilikuwa za umeme. Wanawake ndio waliolengwa khasa na matangazo yake, kwa kuwa gari ya petroli ya zama hizo iliwashwa kwa kuzungusha mtaimbo mbele ya injini, kazi nzito iliyoweza kumvunja mtu mkono. Gari ya umeme haikuwa na moshi, kelele wala mtaimbo. Hata Clara Ford, mke wa Henry Ford mwenyewe, aliendesha gari ya umeme ya kampuni ya Detroit Electric. Mume anauza petroli, mke anakwenda kwa betri!

Kwa nini basi gari hizo zilipotea? Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ilitoa gari ya petroli inayowashwa kwa mota ndogo ya umeme, na mtaimbo ukaanza kusahaulika. Gari ya Ford ilizidi kushuka bei. Lakini sababu inayotuhusu sisi ni safari. Mjini, gari ya umeme ilirudi nyumbani jioni ikachajiwa. Nje ya mji umeme haukuwepo, na petroli ilipatikana katika duka lolote lenye makopo. Watu walipotaka kwenda mbali, wakachagua gari ambayo chakula chake kinapatikana njiani.

Arusha, mji wa kupumzikia

Sasa tuje chini ya Mlima Meru. Wajerumani walijenga boma lao Arusha mwaka 1900, na reli ikafika kutoka Moshi mwaka 1929. Baina ya miaka hiyo mji ukawa kituo cha wenye gari. Hoteli ya New Arusha ilijulikana kwa bango lililowaambia wageni kwamba wako katikati kabisa ya njia ya kutoka Cape mpaka Cairo. Hadi leo wenyeji wanasema hivyo hivyo kuhusu mnara wa saa ulio karibu nayo. Ray Ulyate, aliyeiendesha hoteli hiyo, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa safari za gari za kuwapeleka watalii Serengeti.

Kwa hiyo kitanda na gari vilikwenda pamoja Arusha tangu mapema. Mgeni akilala, gari nayo inalala. Akiamka, gari iko tayari kwa safari ya siku nyingi porini.

Lakini mgeni ni nani? Chini ya utawala wa Waingereza, hoteli kubwa kwa desturi zilikuwa za Wazungu. Mwafrika aliingia kwa mlango wa nyuma, kufua mashuka na kupika. Mambo yaliyowafungulia njia watu wengine yalikuwa madogo: duka la Mhindi lenye makopo ya petroli, na baadaye pampu kando ya barabara. Neno "sheli" lenyewe tumelipata kwenye jina la kampuni ya Shell, likawa la pampu zote, za kampuni yoyote. Pampu ya barabarani haikuuliza kama umelala hoteli gani. Ukitoa pesa, unajaziwa. Basi likapita, lori likapita, bibi harusi na ndugu zake wakapita.

Wenzetu wa Marekani walilijua jambo hili kwa machungu zaidi. Mwaka 1936 Victor Hugo Green, mpeleka barua wa Harlem, New York, alianza kuchapisha kitabu cha mwongozo kwa Wamarekani weusi wenye gari. Kiliorodhesha hoteli, sheli na nyumba za watu binafsi ambako msafiri mweusi angepokewa bila kufukuzwa wala kudhalilishwa. Nyumba nyingi katika orodha hizo ziliandikwa kwa majina ya akina mama. Gari walikuwa nayo na barabara ilikuwa wazi, lakini bila mlango wa kugonga usiku, barabara ile haikuwa yao.

Na sisi Watanzania tunakumbuka jinsi mafuta yanavyoweza kuufunga mwendo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi ilipokuwa na uhaba wa mafuta, gari binafsi zilikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Mpaka wa Kenya nao ulikuwa umefungwa tangu 1977 na haukufunguliwa mpaka 1983, na Arusha, mji uliozoea wageni kutoka Nairobi, uliumia.

Umeme umerudi, na umerudi kwa mlango wa hoteli

Leo gari ya umeme imerudi, na kaskazini imeanzia kwenye utalii. Mwaka 2018 kampuni ya Mount Kilimanjaro Safari Club ilianza kutembeza watalii kwa gari za umeme zinazochajiwa kwa nguvu ya jua. Kampuni ya Hanspaul ya Arusha, inayojulikana kwa kuunda mabodi ya gari za safari, nayo imeingia katika kazi ya kugeuza gari za dizeli kuwa za umeme. Porini gari hizo zina faida iliyo wazi: tembo hasikii mngurumo, na dizeli haihitaji kusafirishwa kilomita mia kadhaa.

Lakini angalieni zinapochajiwa: kambini na kwenye loji, ndani ya geti, kwa ajili ya gari za kampuni na wageni wake. Tumerudi pale pale pa miaka ya 1920. Chakula cha gari kiko kwa mwenye kitanda.

Hoteli si mahali pabaya pa kuanzia. Hesabu zenyewe zinaielekea. Soketi yetu ya kawaida ya pini tatu, ikitumika kwa uangalifu bila kupashwa moto, hutoa kama uniti 2 kwa saa, uniti hizi hizi tunazonunua kwa LUKU Bara na TUKUZA Zanzibar. Kwa saa 10 za usiku utapata uniti 20 na kidogo. Chaja ya ukutani ya kilowati 7 itakupa kama 70 kwa muda huo huo, na gari nyingi za kisasa hujaa kabla ya alfajiri. Mahali ambapo gari inasimama saa 10 bila kumkera mtu ni pale unapolala.

Sasa chukueni gari kuukuu kutoka Japani, Nissan Leaf za mwanzo zenye betri ya uniti 24. Kwa mjini inatosha. Kutoka Dar es Salaam mpaka Arusha ni zaidi ya kilomita 600, na mwisho wa safari uko juu ya mwanzo wake kwa karibu mita 1,400. Gari ya namna hiyo, ikienda kilomita 120 kwa chaji moja, itahitaji kulala njiani karibu kila mji mkubwa. Safari ya siku moja inakuwa ya wiki. Gari mpya yenye betri kubwa itahitaji kusimama mara moja au mbili tu, lakini lazima isimame.

Na hapa ndipo suala linapotugusa wanawake. Kujaza petroli ni dakika tano, kuchaji ni saa nyingi. Mwanamke aliye peke yake, au mama mwenye watoto watatu nyuma, atasubiri wapi saa hizo? Anahitaji taa, mlinzi, choo safi, maji ya udhu na pa kuswalia. Sheli nyingi za barabara kuu zimejifunza kuyaweka hayo, na hoteli zilikuwa nayo tangu zamani. Kwa hiyo soketi iliyo ndani ya geti la hoteli, ikifunguliwa kwa mpita njia anayelipa, ina thamani kwetu kuliko chaja ya kasi iliyosimama peke yake gizani.

Sisi wa visiwani hatuhitaji kufundishwa maana ya kutegemea umeme wa mbali. Waya wa baharini kutoka Bara ulipoharibika mwaka 2008 tulikaa gizani karibu mwezi mzima, na kuanzia Desemba 2009 tukakaa gizani miezi mitatu. Tulirudi kwenye ndoo na madebe. Leo nchi ina umeme zaidi: bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kwa megawati 2,115, na njia kubwa ya kilovolti 400 inayotuunganisha na Kenya kupitia Namanga inapita Arusha. Kilichobaki kigumu ni hatua za mwisho, kutoka kwenye nguzo mpaka maegesho ya hoteli, na moyo wa mwenye geti.

Basi kabla ya kulipia chumba, pigeni simu muulize. Je, kuna soketi yenye waya wa ardhi karibu na maegesho, au mtapitisha waya dirishani? Umeme ukikatika, jenereta itaruhusiwa kuchaji gari? Bei ni kwa uniti au kwa usiku? Mdomo wa chaja ni wa aina gani, maana gari za Japani, za China na za Ulaya hazifanani? Na asiyelala hapo anaruhusiwa? Maswali haya yakiulizwa na wateja kumi, meneja atamwita fundi. Hoteli za zamani hazikuweka maji ya moto mabombani kwa hisani. Wageni waliyataka.

Arusha inajiandaa kupokea wageni wa AFCON 2027, na wengi watatoka Nairobi, safari ya kama kilomita 270. Baadhi yao watafika na betri inayokaribia kwisha. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na hoteli itakayofungua geti lake mapema itapona kwa biashara ya chai, ya chakula na ya chumba.

Debe lilikuwa na sifa ya pili, mbali na kubebeka. Lilikuwa kipimo. Kila mtu aliliona limejaa au halikujaa, na tajiri na maskini waliuziwa kwa debe lile lile. Hicho ndicho tunachokitaka kwa umeme wa njiani: uniti zinazopimwa kwa mita inayoonekana, kwa bei iliyobandikwa ukutani, kwa kila apitaye, awe amelala hapo au anaendelea na safari yake.